Picha Inapokatika Wakati wa Mvua: Kagua Dishi Lako Hatua kwa Hatua

Karibu, mtazamaji. Dishi unaloliona nyuma yangu lina kipenyo cha sentimita 80, na limeelekezwa kwenye setilaiti iliyo digrii 7 mashariki, ambayo kwa sisi tulio Dar es Salaam huonekana upande wa magharibi, ikiegemea kaskazini kidogo, kwa mwinuko wa digrii 52 hivi. Leo ni siku ya jua, nami nimeichagua makusudi, kwa kuwa hakuna sababu yoyote ya kupanda juu ya bati lililoloa, tena huku radi ikipiga, eti kwa ajili ya mpira.

Kabla hatujashika spana, tuelewe mvua inafanya nini. Ving'amuzi vingi vya majumbani hutumia bendi ya Ku, yaani gigahezi 10.7 hadi 12.75, na mawimbi hayo, yakiwa yamesafiri kilomita 36,000 hivi na kuchoka njiani, hunyonywa na kutawanywa na matone ya mvua. Yale madishi makubwa ya wavu ya zamani hayakusumbuliwa sana, kwa sababu yalipokea bendi ya C, ambayo mawimbi yake ni marefu zaidi. Kumbuka pia kwamba mawimbi hayashuki wima: kwa mwinuko wa dishi hili, hupita katika mvua inayonyesha hadi kilomita 3 au 4 magharibi ya nyumba, na ndiyo maana picha huweza kuganda wakati uani kwako nguo bado ziko kambani, kavu.

Hatua ya kwanza, fungua menyu ya king'amuzi mahali panapoonyesha mistari miwili, wa nguvu ya mawimbi na wa ubora wa mawimbi. Mstari wa nguvu huwadanganya wengi, kwani unaweza kuwa juu ilhali hakuna picha. Wewe tazama ubora, kisha uandike namba yake kwenye karatasi na kuibandika nyuma ya king'amuzi, kama nilivyofanya hapa.

Hatua ya pili ni kuvizia mvua ukiwa sebuleni. Iwapo picha inapotea kwenye mvua kubwa tu na kurudi mara mvua inapopungua, tatizo ni wingu, na dawa yake ni subira. Iwapo inapotea kwa manyunyu, dishi lako halina akiba, yaani hata siku ya jua lilikuwa linapokea kwa shida. Iwapo mvua imekatika tangu asubuhi na hadi jioni picha haijarudi, au baadhi ya chaneli zimerudi na nyingine hazikurudi, shuku kwanza maji kwenye waya au kwenye LNB, yaani kile kipokezi kidogo kilichoshikiliwa mbele ya dishi.

Tuanze na hayo maji. Chomoa king'amuzi kwenye umeme, kwa sababu waya huu hupeleka volti 13 au 18 kwenye LNB na hatutaki kuusababishia shoti. Sasa nafungua konekta, yaani kile kiungio cha ncha ya waya kwenye LNB. Sogea karibu utazame. Ncha ya shaba ilipaswa kung'aa, lakini hii imeota kutu ya kijani, na nyuzi zinazoizunguka zimekuwa nyeusi. Mimi mwenyewe niliifunga kwa solotepu masika iliyopita, nikajiona fundi, kumbe nilikuwa nimeyafungia maji ndani. Nakata sentimita 10 za waya hadi nifikie shaba safi, nafunga konekta mpya, kisha nazungusha utepe wa mpira kuanzia chini kwenda juu, ili kila mzunguko uufunike ule wa chini yake kama vigae vya paa. Mwisho naacha waya ulegee na kufanya kitanzi kabla haujaingia ukutani, ili maji yadondokee hapo badala ya kuufuata hadi ndani.

Wapo wanaoivisha LNB chupa ya maji iliyokatwa. Sikushauri, kwa kuwa maji yanayotanda juu ya plastiki hiyo huzuia mawimbi yaleyale unayotaka kuyaokoa.

Hatua ya mwisho ni ulengaji. Tikisa nguzo kwanza. Ikicheza, kaza misumari yake, maana upepo wa mvua utaharibu kila utakachorekebisha. Kisha legeza nati kidogo na usogeze dishi kwa kiasi cha unene wa kucha, ukisubiri sekunde kadhaa kila mara huku mtu aliye sebuleni akikusomea ubora, kwa sababu dishi la ukubwa huu likikosea kwa digrii 1 tu hupoteza karibu nusu ya nguvu. Ukishapata namba ya juu kabisa, izungushe LNB pole pole katika kishikio chake, kwani nayo ina pembe yake.

Ikiwa umefanya yote na manyunyu bado yanakukatia picha, badilisha dishi: lenye sentimita 90 lina eneo mara 2.25 ya lenye sentimita 60. Na siku chaneli zitakapopotea huku anga ni jeupe, usikimbilie kupanda juu. Huenda mvua inanyesha kwenye kituo kinachorusha matangazo kwenda kwenye setilaiti.