Kupanda mimea ndani ya tangi la samaki kwa udongo wa kawaida

Karibuni tena, watazamaji. Leo tunapanda mimea ndani ya tangi la samaki kwa udongo wa nyuma ya nyumba. Tangi hili lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Lako likiwa kubwa au dogo, badilisha kiasi, lakini kina cha udongo kibaki vilevile.

Tuanze na udongo, na hapa sitaharakisha. Usichote kwenye migomba iliyotiwa samadi, wala jirani na banda la kuku. Samadi ikilowa hutoa amonia, na amonia huua samaki. Palipopuliziwa dawa ya magugu au ya wadudu, pita mbali. Mimi huenda chini ya mti mkubwa, nafagia majani makavu, nachota ule udongo mweusi wa juu. Watu wa hapa Kampala wataniuliza kuhusu udongo wa kichuguu. Huo ni udongo wa mfinyanzi, ndiyo maana mafundi wanaupenda kwa matofali. Changanya konzi moja au mbili, unasaidia kushika virutubisho. Ukizidisha, kila ukigusa mmea maji yanakuwa tope.

Chekecha kwa chekeche la fundi mwashi, utoe mizizi, vijiti na mawe. Weka kwenye beseni, jaza maji, koroga, uache mpaka kesho yake. Mwaga maji ya juu pamoja na takataka zinazoelea, kisha anika juani mpaka ukauke. Rudia mara tatu au nne. Kulowa na kukauka huko kunawapa bakteria nafasi ya kuozesha mabaki hapa nje, badala ya kuozea ndani kwenye samaki. Najua inachosha. Usiruke.

Sasa mchanga wa kufunika. Wa ziwa, kama ule unaochimbwa Lwera kwenye barabara ya Masaka, unafaa, ila si ule laini kama unga. Bakiza punje za milimita 1 hadi 3 ili maji yapenye, halafu osha ndani ya ndoo mpaka maji yatoke safi.

Angalia hapa karibu. Natandaza udongo sentimita 2.5 tu. Kwa tangi hili ni kama lita nne na nusu. Ukiweka mwingi zaidi, chini kunakosa hewa na unaanza kunuka yai viza. Mbele, kwenye kioo, naacha ukanda wa vidole viwili usio na udongo, ambao nitaujaza mchanga peke yake, ili usikae unatazama tope. Nanyunyiza maji mpaka udongo uwe kama uji mzito, nabonyeza mapovu ya hewa yatoke. Juu yake mchanga, sentimita 2.5 nyingine.

Panda kabla ya kujaza maji, na panda mingi siku ya kwanza. Mimea michache inawaachia mwani chakula chote. Vallisneria, yale majani marefu kama utepe, yapo Ziwa Victoria kwa asili. Lakini tafadhali, usiingie ziwani miguu mitupu kuyatafuta. Konokono wa huko wanabeba kichocho. Nunua mimea kwa mfugaji, ioshe, kagua kila jani, na konokono yeyote asiyejulikana asiingie.

Weka sahani juu ya mchanga, mimina maji polepole juu ya sahani hiyo. Maji ya bomba yana klorini, kwa hiyo tumia dawa ya kuiondoa. Yakigeuka rangi ya chai, usiogope, badilisha nusu. Wiki za mwanzo badilisha mara kwa mara, na samaki wangoje mpaka kipimo kionyeshe amonia na nitraiti, sumu inayotokana na amonia, ni sifuri.

Taa naziwasha kwa muda wa saa tano, nazizima kwa muda wa saa nne, kisha naziwasha tena kwa muda wa saa tano. Katikati hapo hewa ukaa inayotoka kwenye udongo inajikusanya tena, mimea inapata chakula. Na umeme ukikatika jioni nzima, tangi lenye mimea mingi na samaki wachache halitetereki haraka.

Samaki gani? Gapi, wale samaki wadogo wa mapambo, wanafaa sana. Nkejje, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, ni wazuri kutazama lakini dume akitaka kuzaa anachimba shimo. Ngege, yaani tilapia, ndiyo kabisa, atakufukulia udongo wote. Hao watafutie tangi la mchanga mtupu.

Mapovu madogo yakipanda kutoka chini, yaache. Yakinuka, chomeka kijiti chembamba hapa na pale, taratibu. Na mmea ukizidi, ukate kwa mkasi. Ukilazimika kuung'oa, bana mchanga kwa vidole viwili kando ya shina, kata mizizi ya pembeni kwa kisu kwanza, ndipo uvute kidogo kidogo.