Macho ya Kuazima: Mhadhara uliotolewa Moshi

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo.

Leo nazungumzia nchi kutegemea macho ya wengine, yaani setilaiti na taarifa zao za kijasusi. Nianze na waongoza watalii mliokaa nyuma. Toeni simu, fungueni ramani. Ile nukta ya buluu mnayoifuata mkipanda Kibo inatokana na setilaiti, na zile za GPS, mfumo wa kuonyesha mahali ulipo, ni za Marekani, zinaendeshwa na jeshi lake. Hadi Mei 2000 waliivuruga kwa makusudi ishara ya raia, ikakosea hata mita mia. Mita mia nje ya njia, ukungu umeshuka: mnajua kuna korongo pale.

Ulaya nao waliliona hilo, wakaamua kujenga mfumo wao, Galileo. Marekani, mshirika wao wa NATO tangu 1949, haikupenda. Desemba 2001 Paul Wolfowitz, naibu waziri wa ulinzi, aliwaandikia mawaziri wenzake kuupinga. Mwaka 2004 wakaelewana. Mwishoni mwa 2016 huduma ikaanza. Na undugu wao haukuvunjika, ingawa wengi waliogopa ungevunjika.

Wanaopinga nchi kuwa na macho yake yenyewe wanasema kila nchi ikiwa na setilaiti na majasusi wake, fedha zinapotea bure. Gharama ni kweli, siibezi. Lakini Machi 2025 Marekani ilisitisha kwa siku kadhaa kuipa Ukraine taarifa za kijasusi, vita vikiwa vimepamba moto. Risasi utaziweka ghalani. Taarifa hailimbikizwi, ya juzi haikuonyeshi adui alipo leo.

Sisi tulishayaonja haya. Januari 1964 wanajeshi walipoasi, Mwalimu Nyerere alilazimika kuwaita Waingereza, miaka miwili tu baada ya kuwaaga. Mwaka uliofuata Ujerumani Magharibi, kwa ugomvi wake na Ujerumani Mashariki, iliwaondoa wakufunzi wa kikosi chetu cha anga. Mwalimu akawaambia wachukue na misaada iliyobaki. Kila nikilisimulia hili kifua kinanijaa, maana nchi ilikuwa changa na maskini.

Leo maofisa wetu wanafunzwa Monduli, hapo tu. Na Aprili 2012 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitia saini Arusha itifaki ya ushirikiano wa ulinzi. Ombi langu kwa wakubwa: kabla ya vifaru, tusomeshe watu wa kusoma picha za setilaiti, watu wanaojua Kinyarwanda, Kirundi na Kilingala, wanaoweza kuitazama Kivu, mashariki mwa Kongo, bila kusubiri kuambiwa na wengine kuna nini.

Nimeambiwa humu wamo wanafunzi wa upimaji ardhi. Tukinywa chai, naomba mje tuzungumze.