Punje ya Mahindi Mezani

Walimu wangu, wanahabari wenzangu, na ninyi wanafunzi mliokubali kukaa ndani Jumamosi yenye jua kama hili, hamjambo? Mmenialika nizungumzie kazi ya kutangaza mpira redioni. Nitaizungumzia, lakini lazima nianzie mtaa wa Makongeni, Nairobi, kwenye meza ya baba yangu.

Baba alikuwa fundi wa reli. Nyumba yetu ilikuwa karibu na uwanja wa City, pale Jogoo Road, karibu kiasi kwamba siku ya mechi goli likitangazwa redioni, ngurumo ya mashabiki ilifuata kupitia dirishani, sekunde moja au mbili baadaye. Nilipokuwa mdogo niliamini kabisa kwamba mtangazaji ndiye aliyekuwa akiwaamuru watu washangilie.

Hela ya tikiti haikupatikana kila wiki, basi baba akawa na uwanja wake. Alifuta meza, akaweka viberiti viwili huku na viwili kule, hiyo ndiyo milingoti. Katikati aliweka punje moja ya mahindi. Mtangazaji akisema mpira unatoka kushoto kwenda kulia mwa redio yako, kidole cha baba kiliisukuma punje kutoka kushoto kwenda kulia. Winga akichanja mbuga, punje ilipita ukingoni mwa meza. Ikiwa kona, punje ilikaa pembeni ikingoja. Lakini mtangazaji akianza kuwasalimia wakubwa waliowasili jukwaani, au kusimulia habari za kocha, kidole kilisimama palepale. Baba aliitazama redio, akasema polepole: "Amenipotezea mpira."

Chuo changu cha utangazaji ni sentensi hiyo.

Desemba 5, 1987 naikumbuka kuliko siku yangu ya kwanza shuleni. Gor Mahia ya hapa Kenya walikuwa uwanjani Kasarani na Esperance ya Tunisia, fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika, lile tuliloliita Kombe la Mandela. Baba ni mtu wa AFC Leopards, tangu klabu hiyo ikiitwa Abaluhya, lakini jioni hiyo punje ilikuwa ya Kenya nzima. Peter Dawo alipofunga, baba aliipiga meza kwa kiganja, viberiti vikaruka hadi sakafuni. Kipenga cha mwisho kikalia, 1-1. Majirani wakatoka nje wakipiga sufuria. Mimi nikauliza, mbona tunashangilia sare? Baba akachota mahindi mengine kutoka kwenye debe, akayapanga mafungu: mbili kwa mbili za mechi ya kwanza kule Tunis, moja kwa moja za Nairobi. Jumla ililingana, na hapo bao la ugenini ndilo lililoamua, basi akazitenga zile mbili tulizofunga ugenini. "Hizi," akasema, "ndizo zilizoleta kombe."

Nilivyoingia kazini sitawachosha kwa hilo. Nilianza kwa kubeba nyaya za mafundi mitambo, nikaja kushika kipaza sauti siku ambayo mwenye zamu hakufika. Kituo kimoja kilinitumia msimu mzima bila kunilipa, na baba, ambaye tayari alikuwa amestaafu, ndiye aliyekuwa akinipa nauli ya kwenda uwanjani. Hakuniambia hata mara moja kwamba natangaza vizuri. Baada ya kila mechi simu iliita, bila salamu ndefu: "Kijana, kipindi cha pili umenipotezea mpira mara nne. Na matokeo hukuyataja kwa muda mrefu. Mtu aliyefungua redio wakati huo angejuaje?"

Miaka mingi baadaye nilisoma jinsi mpira ulivyotangazwa mara ya kwanza redioni Uingereza, Januari 22, 1927, Arsenal na Sheffield United. Gazeti la ratiba za redio lilichapisha mchoro wa uwanja uliogawanywa miraba yenye nambari. Mtangazaji alieleza mchezo, na sauti ya pili ikawa inataja nambari ya mraba ulipo mpira, ili msikilizaji aufuate kwa kidole. Nilipoisoma habari hiyo nilisimama nikazunguka chumba. Baba hakuwahi kuona mchoro huo. Aliufikia mwenyewe kwa viberiti na mahindi, kwa sababu tatizo lilikuwa lilelile: kuna mtu amekaa mbali, haoni kitu, na amekuamini wewe.

Mtu huyo ndiye ninayetaka mmjue. Ni askari wa usiku langoni. Ni mama mboga anayekata sukuma huku redio ikining'inia kwenye msumari. Ni dereva wa matatu aliyekwama barabarani dakika ya 70 ndipo akapata mawimbi. Mpe mahali, mpe mchezaji, mpe matokeo, halafu rudia matokeo. Methali na mbwembwe zina nafasi yake, nazipenda sana, na hayati mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alituonyesha Kiswahili kinavyoweza kucheza mpira chenyewe. Ila tia methali mpira ukiwa nje.

Nilihamia televisheni kwa muda. Mshahara ulikuwa bora, suti zilikuwa nzuri. Baba alitazama mechi tatu, kisha akaniambia, "Huko unaniambia ninachokiona." Hakusema kwa ubaya. Nikakaa na maneno hayo msimu mmoja, kisha nikarudi redioni.

Agosti 10, 2025, mashindano ya CHAN, yale ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani: timu yetu ya taifa, Harambee Stars, na Morocco, Kasarani. Nilikuwa kwenye kiti cha utangazaji. Nyumbani mwanangu ndiye aliyeisukuma punje, maana mkono wa baba sasa unatetemeka, lakini meza ni ileile. Dakika ya 42 Ryan Ogam akafunga. Kisha kadi nyekundu kabla ya mapumziko, na kipindi chote cha pili vijana wetu walikuwa 10. Nilitangaza kila pasi kana kwamba nasukuma punje mwenyewe. Tukashinda 1-0.

Simu iliita nikiwa bado nazikunja karatasi zangu.

"Kijana."

"Naam, baba."

"Kipindi cha pili sina neno. Lakini baada ya goli ulipiga kelele mpaka Morocco wakaanza tena. Mtoto kashika punje juu, hajui aiweke wapi. Mpira ulikuwa wapi?"

Nikamwambia ukweli. "Baba, hata mimi sikujua. Nilikuwa nalia."

Kimya kikapita. Nilisikia viberiti vikirudishwa kwenye kabati, na mwanangu akiuliza kitu.

"Haya," baba akasema. "Hilo nimekusamehe."

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Nadhani yule dada wa mstari wa nyuma alinyoosha mkono zamani. Tuanze na swali lake.