Nafasi Wazi Ndani ya Shada: Mhadhara kuhusu Usanii wa Maua ya Harusi

Mabibi na mabwana, wapambaji wenzangu, na ninyi wanafunzi wa sanaa mliofika jioni hii,

Mpambaji anapoitwa kwa ajili ya harusi hapa Nairobi, karibu kila mara swali la kwanza huwa la idadi: waridi ngapi, meza ngapi, tao la upana gani. Sishangai, kwa maana Naivasha iko jirani yetu, na katika mashamba yake, takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, baridi ya usiku hulipunguzia waridi kasi ya kukua, likapata shina imara na ua lililojaa. Maua yakiwa mengi na karibu, mkono huzoea kurundika. Mimi naamini kwamba shada ni utungo, na kwamba mtunzi wake huanza kwa kuamua ni wapi pataachwa wazi.

Wajapani wamelichunguza jambo hili kwa karne nyingi katika ikebana, sanaa yao ya kupanga maua. Katika mtindo wa Sogetsu, ulioanzishwa na Sofu Teshigahara mwaka 1927, mwanafunzi hufundishwa kwanza mashina matatu: shin, lililo refu zaidi, ambalo urefu wake hupimwa kutokana na ukubwa wa chombo, soe, lililo robo tatu ya shin, na hikae, lililo robo tatu ya soe. Mtu aliyewahi kuhesabu mizani za shairi atalielewa zoezi hili mara moja. Kipimo kikishatulia, jicho huanza kuiona hewa iliyo kati ya mashina, na hewa hiyo ndiyo inayolipa kila ua heshima ya kutazamwa peke yake. Sisemi tuige meza za Kijapani. Nasema tujifunze kupima kabla ya kujaza.

Baada ya mistari huja mwanga, na hapa nina kisa changu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilipamba hema la karamu ya usiku kwa maua ya zambarau iliyokolea, kwa sababu bibi harusi aliipenda mijakaranda ya jiji hili inapochanua mwezi wa Oktoba. Saa nane mchana, pande za hema zikiwa wazi, meza zilipendeza mno. Jua lilipotua na mishumaa kuwashwa, maua yote yaligeuka madoa meusi, kwa kuwa mwanga wa mshumaa una umanjano mwingi na buluu kidogo sana, na rangi ya zambarau hukosa kitu cha kurudisha machoni. Nililia usiku ule. Tangu hapo siagizi ua lolote kabla sijafika mahali pa sherehe kwa saa ileile ambayo sherehe itafanyika. Bustani ya mtaa wa Karen hapa Nairobi wakati wa adhuhuri, jua likiwa karibu na utosi, humeza vivuli na kuufanya weupe uumize macho, hivyo mimi huchagua rangi ya maziwa au ya pichi; ndani ya kanisa la mawe lenye madirisha membamba, weupe uleule huwa ndiyo taa.

Sasa niingie katika jambo lililo karibu zaidi na moyo wangu, nalo ni harufu. Waridi wa kuuzwa ng'ambo amechaguliwa kizazi baada ya kizazi ili astahimili safari ya ndege na akae siku nyingi katika maji, na mara nyingi harufu ndiyo iliyopotea njiani. Wazee wetu wa pwani hawakukubali hasara hiyo. Kikuba anachovaa mwanamke wa Lamu au Mombasa kinaweza kutoshea kiganjani: asumini, mlangilangi, majani ya mrehani, pengine na mkadi, vikafungwa pamoja na kubanwa kifuani au nyweleni. Tumba za asumini huchumwa kabla hazijachanua, kisha hufunguka usiku, zikiwa tayari mwilini mwa aliyezivaa. Tazameni ustadi uliomo: mtunzi amepanga muda pamoja na umbo, na kazi yake inakamilika karamuni, mbali na mikono yake. Kwa maoni yangu hakuna shada la waridi mia linaloweza kushindana na utungo huo, na inanisikitisha kwamba katika harusi nyingi za bara hatuuulizii.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Ile sponji ya kijani ya kuchomekea mashina, iliyobuniwa Marekani mwaka 1954, ni plastiki isiyooza, na hulikaza kila shina kana kwamba limepigwa msumari. Constance Spry, Mwingereza aliyesimamia maua ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth mwaka 1953, alikuwa akikunja wavu wa waya wa kuku ndani ya chombo, shina likapata kuegemea na kuinama lipendavyo. Hakuona haya kutumia majani ya mboga, jamaa wa sukuma wiki yetu, kando ya maua ya thamani.

Wavu huo ninao hapa mezani. Ndoo zile mbili zina matete, majani ya mrehani na waridi kumi na mawili tu, yaliyokatwa mshazari na kunywa maji tangu jana jioni. Naomba watu watatu wasogee mbele. Tutaanza na tete moja refu, na hatutagusa waridi mpaka sote tukubaliane tete hilo linaelekea wapi.