Njia Tatu za Kupanda Stelvio: Mhadhara kwa Waendesha Baiskeli wa Malindi

Assalamu alaykum. Hamjambo wazee wangu, hamjambo vijana. Nashukuru kwa kualikwa, na nashukuru zaidi kuona mmekuja baada ya Magharibi bila kuahidiwa biriani.

Najua wapo humu wanaotaka kwenda Italia mwezi wa saba na baiskeli zao, na kila mmoja ana jina moja mdomoni: Stelvio. Si ajabu. Huu ni mji ambao muuza madafu hukutajia bei kwa Kiitaliano kabla hujamsalimu. Wazee wa Kiitaliano waliohamia hapa wameusimulia mlima ule barazani kwa miaka mingi, na ukimsikiliza mmoja wao akifika kwenye habari za Fausto Coppi, bingwa wao wa zamani wa baiskeli, ujue kahawa itapoa.

Mimi naulizwa kila mara, "Je, ni mgumu?" Nami husema, kwanza niambie unapandia wapi. Stelvio si kilele. Ni mahali ambapo barabara inavuka mgongo wa milima, mita 2,758 juu ya bahari, na kufika pale kuna njia tatu. Ya kwanza inatoka Prato, upande wa kaskazini mashariki: kilomita kama 25, na ndani yake unapanda zaidi ya mita 1,800. Ya pili inatoka Bormio, upande wa pili: kilomita 21 na ushei, mita kama 1,530 za kwenda juu. Ya tatu inaanzia Uswisi, kwenye kijiji cha Santa Maria, inapita Umbrail, kivuko kingine cha mlimani, kisha inaikuta barabara ya Bormio zikiwa zimebaki kilomita kama tatu kufika juu. Hiyo ni kilomita 16 hivi, na mita karibu 1,400 za kupanda.

Kijana wa Malindi akisikia kilomita 16 anacheka. Ni hapa na Gede! Atakwenda na kurudi kabla chai haijaiva. Lakini kilomita za mlimani hazihesabiwi hivyo. Chukueni mtu wa kawaida aliyejizoeza vizuri. Tuseme kwa saa moja anaweza kupanda mita 700 za kwenda juu. Mtu huyo kutoka Santa Maria atatumia saa mbili. Kutoka Bormio, saa mbili na dakika kumi hivi. Kutoka Prato, zaidi ya saa mbili na nusu. Kwa hiyo ile njia ya kilomita 16 na ile ya 21 zinakaribiana kabisa kwa muda, kwa sababu ile fupi ni kali zaidi. Hadi Umbrail mwinuko wake wa wastani ni kama asilimia 8.5, yaani kila mita mia moja za barabara unainuka mita nane na nusu. Ukipanga safari, kifunike kwa kidole kile kiasi cha kilomita kwenye ramani, usome mita za kwenda juu.

Sasa nije kwenye jambo linalotuhusu sisi wa pwani hasa. Tumelelewa na upepo. Kusi ikishika, ukitoka hapa kwenda Gede unaikabili kwa kifua, na kaskazi ikivuma, ukienda upande wa Mambrui ni vivyo hivyo. Mazoezi hayo ni mazuri. Yanakufundisha kukanyaga pedali muda mrefu bila kupumzika, na mlimani hakuna kupumzika. Lakini upepo unapima kifua, mlima unapima uzito. Huku tambarare, mtu wa kilo 90 aliyejikunja vizuri juu ya usukani anaweza kumwacha mtu wa kilo 60. Kule hawezi. Mwili na baiskeli vikiwa kilo 85 kwa jumla, kuviinua kutoka Prato hadi juu kwa saa mbili na nusu kunadai wati kama 170 muda wote, na hapo sijahesabu upepo, tairi wala cheni. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kufuli ni uzito. Kitambi nacho, wazee wenzangu, ni uzito.

(Kuna kijana aliuliza hapa kama Black Mamba, ile baiskeli nzito ya gia moja, inaweza kupanda.) Swali zuri, tulifanyie hesabu. Ikiwa na meno 44 mbele na 18 nyuma, kila mzunguko wa pedali unakusogeza zaidi ya mita tano. Mlimani mwendo wa wengi wetu utakuwa kilomita nane kwa saa. Maana yake utazungusha pedali mara 25 tu kwa dakika, na kila mzunguko ni kama kusukuma mkokoteni wa maji uliozama mchangani. Magoti yatakushtaki. Tafuta gia ambayo meno ya mbele na ya nyuma yanalingana, 34 kwa 34, ili uzungushe mara 60 na zaidi. Fundi akikwambia gia hiyo ni ya watoto, mwambie akufungie hivyohivyo.

Tena kuna hewa. Kule juu msukumo wa hewa ni asilimia 72 hivi ya huu wa ufukweni. Mwenzetu wa Iten amezaliwa nayo. Sisi tumezaliwa usawa wa bahari. Ukiweza, lala siku mbili tatu Bormio, ambao wenyewe uko zaidi ya mita 1,200, kabla ya kupanda.

Mnaweza kustaajabu kwamba barabara ya juu kiasi kile ina mwinuko unaovumilika, asilimia 7 na kitu kwa wastani pande zote mbili za Italia. Sababu ni farasi. Barabara ilijengwa kati ya 1820 na 1825, mhandisi wake akiwa Carlo Donegani, kwa ajili ya dola ya Austria iliyokuwa ikiitawala Lombardia na kutaka njia ya kufika Milano. Magari ya kukokotwa yalipaswa kupita, kwa hiyo badala ya kuukabili mlima uso kwa uso, Donegani aliizungusha barabara: kona 48 upande wa Prato, kila moja ikikugeuza ukatazama ulikotoka. Zimeandikwa namba, na kwa anayepanda zinahesabiwa kurudi nyuma, 48 ikiwa chini na 1 ikiwa juu kabisa. Wengine hutiwa moyo na namba hizo. Mimi, ningekuwa na uwezo, ningezifunika hadi ya kumi.

Njia hiyo ya Prato ndiyo yenye picha zote mlizoziona kwenye simu. Mwanzo unafuata mto bondeni, miti imekufunika, unajidanganya kwamba mambo ni mepesi. Unapita Trafoi. Halafu pale Franzenshöhe, kama mita 2,190, miti imekwisha na ukuta mzima wa kona unaonekana mbele yako hadi juu. Kuna watu wanaopenda kuona mwisho wa kazi. Kama wewe ni wa kukatishwa tamaa na unachokiona, usiende Prato mara ya kwanza. Ndiko alikopandia Coppi mwaka 1953, Giro d'Italia, mashindano makubwa ya baiskeli ya Italia, ilipopita Stelvio kwa mara ya kwanza. Alimwacha Hugo Koblet wa Uswisi kwenye kona zile, akamvua jezi ya waridi ya anayeongoza, akashinda Giro yake ya tano. Na hapa niseme pembeni: bingwa huyo hakuuliwa na mlima wala theluji. Alifariki Januari 1960 kwa malaria aliyoipata Upper Volta, Burkina Faso ya leo, na madaktari wa kwao hawakuitambua. Daktari yeyote wa Malindi angeanza na kipimo hicho.

Bormio haina sifa za picha, lakini ndiyo ninayowashauri wanaokwenda mara ya kwanza. Unaanzia juu zaidi, unapanda karibu mita 300 pungufu ya Prato, na katikati ya kona kuna sehemu za kuvuta pumzi. Ila ina mahandaki, membamba, yenye giza na maji yanayodondoka, kwa hiyo taa ya mbele na ya nyuma ni lazima hata mchana.

Na kushuka? Watu hupanga kupanda tu, na kushuka wanamwachia Mungu. Kwa kila mita elfu moja unazopanda, joto hupungua nyuzi sita na nusu hivi. Kutoka Prato hadi juu ni tofauti ya nyuzi kama kumi na mbili. Umeloa jasho, unaanza kuteremka kilomita hamsini kwa saa. Baridi hiyo sisi hatuijui, vidole vinakufa ganzi na breki hazishikiki. Washindani wa baiskeli wa zamani walipokea magazeti pale juu wakayashindilia ndani ya jezi kifuani. Nyinyi bebeni koti la upepo na glavu, hata kama chini jua linawaka. Breki za raba nazo zikishikwa mfululizo huchemsha ringi hadi tyubu inapasuka. Punguza mwendo kabla ya kona, kisha ziachie zipoe.

Ndiyo maana Prato naipenda kwa kupanda na siipendi kwa kushuka: kona zimebana, pikipiki na mabasi yanapanda. Mwenye nguvu apande Prato, ashuke Umbrail hadi Santa Maria, kisha afuate bonde kupitia Glorenza kurudi Prato. Ni duara, na mpaka wa Uswisi umo ndani yake, hivyo pasipoti iwe mfukoni. Ondoka saa moja asubuhi uwe juu saa nne, kwa sababu alasiri milima ile hupenda radi. Jumamosi na Jumapili za Agosti ziepuke. Mwisho wa kiangazi, karibu na Septemba, kuna siku moja magari yanafungiwa njia na baiskeli zinaachiwa barabara yote. Mwenye kuweza kupanga viza yake kwa siku hiyo, apange. Kabla ya Juni msiende hata kidogo, theluji huwa bado imeifunga.

Dada kule nyuma ameuliza wapi pa kujaribia karibu. Taita. Panda kutoka Mwatate hadi Wundanyi, lami tupu na kona za kutosha. Haifikii hata nusu ya Prato kwa mita za kwenda juu, kwa hiyo ukifika Wundanyi, shuka Mwatate, upande tena siku hiyohiyo. Atakayemaliza raundi ya pili aje tukae, tumchagulie njia.