Kupunguza Kuchelewa kwa Tabo katika Injini ya Nguvu Kubwa

Ndugu mafundi, wahandisi na wapenzi wa magari,

Nashukuru kwa nafasi hii. Niseme mapema ninachokiamini: kuchelewa kwa tabo, yaani kile kifaa kinachotumia moshi wa injini kusukuma hewa zaidi ndani ya silinda, huamuliwa kwa sehemu kubwa siku ile tabo inapochaguliwa na manifoldi, yaani mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda, inapochorwa, na yote yanayofuata, yawe ya kompyuta au ya mabomba, hurekebisha tu uamuzi huo. Nalisema kwa mkazo kwa sababu naziona injini zilizofungwa kwa uangalifu mkubwa, zenye pistoni na rodi za gharama, zikikosa raha ya kuendeshwa kwa ajili ya tarakimu moja tu iliyo kwenye kilele cha mchoro wa nguvu.

Yapo mambo mawili ambayo huchanganywa sana, na yeyote anayetaka kuunda injini ya aina hii hana budi kuyatenganisha. La kwanza ni kizingiti cha presha, yaani ile kasi ya injini ambayo chini yake moshi hautoshi kabisa kuizungusha tabini, gurudumu la tabo linalosukumwa na moshi, hadi kompresa, gurudumu linalosukuma hewa, itoe presha iliyokusudiwa, hata dereva asubiri kiasi gani. La pili ni kuchelewa kwenyewe: injini iko juu ya kizingiti, dereva amekanyaga mafuta, na presha inachukua muda kupanda. Mtu anayelalamika kwamba gari lake limelala kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, ilhali tabo yake imepimwa kuamka kwenye 4,200, hana tatizo la kuchelewa. Ana tabo isiyolingana na injini yake.

Tuchukue injini ya lita 2 inayotafutiwa nguvu za farasi 600. Kwa makadirio yanayotumika sana, nguvu hizo zinahitaji takriban kilo 27 za hewa kwa dakika, na tabo inayoweza kupitisha hewa hiyo ina magurudumu makubwa. Hapo ndipo fizikia inapodai malipo yake. Gurudumu likikuzwa kwa umbo lilelile, ugumu wake wa kubadilishwa kasi hupanda kwa kipeo cha tano cha kipenyo: ongeza kipenyo kwa moja ya tano, na ugumu huo unakaribia kuwa mara mbili na nusu. Ni kweli kwamba gurudumu kubwa huhitaji kasi ndogo zaidi ili ncha za mapanga yake zifikie mwendo uleule, lakini hata ukilipunguzia hesabu hiyo, nishati ya kulifikisha hapo bado ni kama mara 1.7 ya ile ya awali. Nishati hiyo yote hutoka kwenye moshi wa injini ndogo. Kwa hiyo, mwenye nafasi ya kuchagua kati ya lita 2 na lita 3 kwa lengo lilelile la nguvu, achukue lita 3; hakuna kifaa cha dukani kitakachomfidia kwa ule ujazo alioukosa.

Renault waliligusa jambo hili kwenye mashindano ya Formula 1. Waliingia mwaka 1977 na injini ya V6 ya lita 1.5 yenye tabo moja kubwa, na madereva wao walilazimika kukanyaga mafuta mapema kabla ya kuhitaji nguvu. Mwaka 1979 waliigawa kazi hiyo kwa tabo mbili ndogo, moja kwa kila upande wa injini, na mwaka huohuo Jean-Pierre Jabouille akashinda mjini Dijon, ushindi wa kwanza wa injini ya tabo katika Formula 1. Tabo mbili, hata hivyo, si dawa ya kila injini. Kwenye injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, kila tabo ingepata moshi wa silinda mbili tu, na mara nyingi tabo moja iliyolishwa vizuri huishinda jozi hiyo.

Kulishwa vizuri kuna maana gani? Naomba tukae hapa kidogo. Moshi hautoki kwenye silinda kama mto unaotiririka. Hutoka kwa mapigo, na pigo la kwanza, vali inapofunguka tu, ndilo lenye nguvu kuliko yote. Injini ya silinda nne inayowaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2 hutoa pigo kila nyuzi 180 za mzunguko, ilhali vali ya moshi hukaa wazi zaidi ya nyuzi hizo. Matokeo yake ni kwamba silinda ya 1 inapotoa pigo lake kali, silinda ya 2, iliyowaka kabla yake, bado haijafunga vali ya moshi na tayari imeanza kufungua ya hewa. Mabomba yote yakikutana mahali pamoja, pigo la 1 husukuma moshi kurudi ndani ya 2, hewa safi inaharibika, na nishati iliyopaswa kuizungusha tabini inapotea. Ndiyo maana kasha la tabini lenye njia mbili lina thamani kubwa: silinda 1 na 4 hupewa njia yao, 2 na 3 yao, na kila njia hupokea pigo kila nyuzi 360. Ukuta unaozitenga uendelee mpaka kwenye kasha lenyewe, na hata bomba la westigeti, vali inayopitisha moshi kando ya tabini, litenganishwe. Tundu moja linalounganisha njia hizo hufuta sehemu kubwa ya faida. Kwa mjenzi mwenye fedha za kutosha jambo moja tu, mimi ningemshauri azitie hapa.

Manifoldi iwe fupi kadiri nafasi inavyoruhusu, yenye mabomba yasiyo mapana kupita kiasi, na ihifadhi joto, kwa kupakwa rangi ya kauri au kufunikwa. Baada ya tabini mambo hugeuka: bomba liwe pana, kwa kuwa tabini hufanya kazi kwa tofauti ya presha kati ya mlango wa kuingilia na wa kutokea.

Upande wa tabo yenyewe, beringi za gololi hupunguza msuguano, na faida yake huonekana zaidi mizunguko ikiwa bado midogo. Uzito mwingi wa shafti, mhimili unaobeba magurudumu yote mawili, uko kwenye gurudumu la tabini, ambalo kwa kawaida ni la aloi ya nikeli. Likitengenezwa kwa titani na alumini, uzito hushuka karibu nusu. Teknolojia ya kubadili pembe za mapanga yanayoelekeza moshi kwenye gurudumu la tabini, ambayo Porsche waliiweka kwenye 911 Turbo ya petroli mwaka 2006, na ile ya mota ya umeme kwenye shafti, iliyo kwenye Mercedes-AMG SL 43, zote zinafanya kazi kwelikweli, ila ni vigumu kuzihamishia kwenye injini ya kujijengea.

Intakula, kifaa kinachopoza hewa inayotoka kwenye kompresa, hulaumiwa kupita kiasi kwa kuchelewa. Chukua mfumo wenye ujazo wa lita 10 kati ya kompresa na injini. Kuujaza kwa presha ya ziada ya bari 1 kunahitaji takriban lita 10 za hewa ya kawaida, na injini ya lita 2 kwenye mizunguko 4,000 huvuta karibu lita 67 kwa sekunde, kwa hiyo kujaza huko ni jambo la sehemu ndogo tu ya sekunde. Intakula ndogo inayoshindwa kupoza hewa itakugharimu zaidi. Kinachodhuru kwa kweli ni uvujaji: ziba mdomo wa kompresa, jaza hewa ya shinikizo dogo, paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo cha mpira, kisha tazama mapovu.

Kwenye kompyuta, westigeti ibaki imefungwa kabisa hadi presha ikaribie lengo, na kamshafti zinazobadilika, yaani mihimili inayofungua vali, ziongezwe mwingiliano wa vali (muda ambao vali za hewa na za moshi huwa wazi pamoja) pale tu presha ya hewa inapozidi ya moshi. Ule mfumo wa magari ya rali wa kuchelewesha cheche ili mchanganyiko uwakie kwenye manifoldi siupendekezi kwa gari la barabarani, kwani joto lake huila tabini na vali.

Gia nazo husahaulika. Ukibadilisha kwenye mizunguko 8,000 kutoka uwiano wa 2.0 kwenda 1.4, unaangukia 5,600, na tabo inabaki macho, ukienda 1.0 unaangukia 4,000, chini ya kizingiti tulichokitaja. Wakati wa kupima, tumieni gia ileile na mizunguko ileile ya kuanzia, rekodini muda kutoka pedali inapokanyagwa hadi presha ya lengo, na badilisheni kitu kimoja tu kati ya kipimo na kipimo.