Uongo Wenye Mpaka: Kuaminiana na Kuhadaana katika Michezo ya Mikakati Mtandaoni

Mheshimiwa Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wanafunzi na wageni wetu wote,

Nimeombwa nizungumzie michezo ya mikakati ichezwayo mtandaoni na watu wengi kwa pamoja, ile ambayo ushindi wake hautokani na wepesi wa vidole wala bahati ya dadu bali na mazungumzo: nani ameahidi nini, nani ameamini na nani amegeuka. Wako wanaoiona kuwa shule ya uongo. Mimi nadai kwamba uongo unaoruhusiwa ndani yake una mpaka, na kwamba kila mchezaji, hata aliye mlaghai kupindukia, anategemea mpaka huo usivukwe.

Kwanza tutenganishe aina mbili za michezo hii. Katika Mafia, aliyoibuni Dmitry Davidoff huko Moscow katika miaka ya 1980, na katika Among Us, michezo ambamo wadanganyifu wachache hujificha kati ya wengi wanaojaribu kuwagundua na kuwatoa, hii ya pili ikiwa imetoka mwaka 2018 lakini ikavuma mwaka 2020 watu walipokuwa wamefungiwa majumbani kwa sababu ya korona, mdanganyifu huteuliwa kwa bahati nasibu, kwa kadi au kwa kompyuta. Amepewa kazi na anaitimiza, na anayemtoa nje hamsaliti kwa maana hawakuwahi kuwa upande mmoja. Michezo hiyo inafurahisha, ila kuhusu uaminifu haina mengi ya kutufundisha.

Hali ni tofauti kabisa katika Diplomacy, mchezo wa ubao ambao Mmarekani Allan Calhamer aliubuni mwaka 1954 na kuuchapisha mwaka 1959. Dola saba za Ulaya ya mwaka 1901 zinagombea vituo 34 vya ugavi kwenye ramani, na anayefikisha 18 ndiye mshindi. Majeshi yote yako wazi mbele ya wote kama kete za bao. Kilichofichika ni nia tu. Wachezaji huzungumza faraghani, kisha kila mmoja huandika amri zake kwa siri, na amri zote hufunuliwa kwa wakati mmoja. Hakuna mapatano yanayomfunga mtu.

Kiini cha jambo kimo katika hesabu. Jeshi moja halina nguvu kuliko jingine; yakikutana, yote mawili hukwama. Ili usonge mbele unahitaji jeshi la pili likuunge mkono, na kwa kuwa kila dola huanza na vikosi vitatu, isipokuwa Urusi yenye vinne, hakuna awezaye kufika mbali akiwa peke yake. Kwa hiyo mchezaji haamini wenzake kwa sababu ya wema wake, anaamini kwa sababu asipoamini atabaki pale alipoanzia. Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoupa usaliti faida: rafiki amekuachia mpaka wake bila ulinzi, naye ndiye jirani yako wa karibu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kutokana na hayo linazuka jambo ambalo wageni wa mchezo huu hulistaajabia, nalo ni kwamba sehemu kubwa ya maneno yanayosemwa na wachezaji hodari ni kweli. Amri husomwa na wote kila baada ya zamu, ambayo huitwa msimu, hivyo anayedanganya leo hujulikana leo, na anayedanganya kila msimu hupungukiwa na marafiki kabla hajapata la kuwaibia. Fundi husema kweli kwa muda mrefu na kudanganya mara moja, pale ambapo pigo litakuwa kubwa kiasi kwamba aliyepigwa hatakuwa na uwezo wa kulipa kisasi. Mwaka 2015 watafiti wa isimu ya kompyuta walichambua barua za wachezaji wa Diplomacy mtandaoni, wakaona kwamba urafiki unaodumu una mizani katika lugha ya pande zote mbili, na kwamba mizani hiyo ikibadilika ghafla, kwa mfano katika uchangamfu, katika adabu, au katika kupanga mambo ya mbele, usaliti huwa umekaribia. Dalili hizo zipo hata pale ambapo mwathiriwa mwenyewe hana habari.

Kabla ya intaneti, Diplomacy ilichezwa kwa posta kuanzia miaka ya 1960 (na Calhamer, kwa kichekesho cha dunia, alikuja kuajiriwa kama mpeleka barua). Mtandao uliondoa ngoja-ngoja ya posta, lakini ulileta tatizo jipya: humjui uliye naye. Ndiyo maana tovuti kama webDiplomacy, ambayo haimwadhibu mtu kwa kumgeuka mshirika wake, inakataza mtu mmoja kumiliki akaunti mbili na inakataza watu kuungana kwa sababu zilizo nje ya mchezo, kama vile udugu au deni la mchezo uliopita. Ukimwambia mchezaji kwamba amekuchoma kisu mgongoni, huenda akapokea kama sifa. Ukimwambia kwamba ana akaunti mbili, umemvunjia heshima.

Mfano wa mchezo uliousogeza mpaka huo mbali zaidi ni EVE Online, mchezo wa mtandaoni wa vyombo vya anga wa kampuni ya CCP ya Iceland, ulioanza mwaka 2003. Wizi na utapeli kati ya wachezaji unavumiliwa humo, na ulimwengu wake haufungwi, hivyo jina la mtu linamfuata kwa miaka. Februari 2009 mmoja wa wakurugenzi wa muungano wenye nguvu ulioitwa Band of Brothers alihamia kwa mahasimu, Goonswarm, na kwa kutumia mamlaka aliyokuwa amekabidhiwa kihalali akauvunja muungano mzima. Hakuhitaji vita. Alichotumia ni ruhusa iliyotolewa kwake na watu waliomwamini, na hilo lilikuwa ndani ya kanuni. Lau angeiba nywila ya mwenzake, lingekuwa kosa. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwa mtu wa nje, ila kwa wachezaji ndiyo sheria yenyewe.

Nafika sasa kwenye jambo linalonisumbua. Novemba 2022 kampuni ya Meta ilitangaza Cicero, programu ya akili mnemba iliyofunzwa kwa mazungumzo ya michezo zaidi ya 40,000. Ilicheza michezo 40 webDiplomacy dhidi ya watu 82, ikawa miongoni mwa asilimia 10 bora ya waliocheza zaidi ya mara moja. Waundaji walisema wameifundisha kusema kweli kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2024 mtafiti Peter Park na wenzake walipinga, wakionyesha mahali ilipopanga hila pamoja na mchezaji mmoja dhidi ya mwingine.

Kwangu mimi ubishi huo si mzito, kwa sababu hila ya aina hiyo imo katika mchezo. Kizito ni tukio dogo walilolitaja haohao: mitambo ya Cicero ilizimika kwa dakika kumi, na iliporudi mchezaji mmoja akaiuliza ilikuwa wapi, ikajibu kwamba ilikuwa kwenye simu na mpenzi wake. Jibu hilo halikuhusu jeshi lolote wala kituo chochote. Lilihusu ni nani aliye upande wa pili, yaani jambo lilelile ambalo kanuni ya kukataza akaunti mbili inalilinda. Anayekubali kudanganywa kuhusu Uturuki, mojawapo ya dola zile saba, amekubali kwa kudhani kwamba anayemdanganya naye anaweza kuumizwa, kuaibika na kukumbukwa. Mashine haina la kupoteza.

Kwa maoni yangu, mashine na ijitambulishe kabla ya msimu wa kwanza, hata kama hilo litaipunguzia ushindi. Ikiwa haiwezi kushinda ikijulikana, basi ilichokuwa ikishinda si Diplomacy. Naomba niishie hapo, nipokee maswali.